Kuanzisha kikundi cha sala cha kina mama ukishapita 40

Wamama wengi hapa Mombasa washaniuliza tulianzaje, so wacha niandike mara moja. Ukifika umri huu watoto wengine washatoka, mwingine yuko chuo anapiga simu akitaka hela tu, mamako kule bara anazeeka, na usiku unaamka umelowa jasho na feni iko namba tano na wala si joto la Mombasa hilo. Jumuiya, ile ndogo ndogo ya Wakatoliki wa mtaani, ipo sawa, lakini jumuiya ina watoto, ina vijana, ina wazee wa kiume, ina michango ya matanga, sasa utasema saa ngapi ati siku hizi ukishika rozari unasinzia?

Anza na wawili watatu. Usitangaze kanisani kwanza, utapata wamama 30 na viti huna. Mimi nilimwambia mmoja tuliyekuwa tunatoka naye misa ya kwanza, yeye akaleta wifi yake, basi. Mkifika 7 au 8 simameni hapo, wakizidi hao wengine waanzishe kikundi chao, kwa sababu kila mtu akitaka kusema hamtamaliza, na wa Likoni anawaza feri.

Halafu mpitie paroko. Si kuomba ruhusa ya kusali, kusali ni haki yako, Sheria ya Kanisa ya 1983 kanuni ya 215 inasema waumini wako huru kuanzisha vyama vyao. Lakini kanuni ya 300 inakataza chama kujiita cha Kikatoliki bila idhini ya wakubwa wa Kanisa, so msikimbilie kuprinti fulana. Mwambieni tu padri tunakutana kwa nani, siku gani, na msigonganishe na siku ya jumuiya, hapo ndipo maneno huanzia.

Sisi ni Jumamosi saa 9, mwisho saa 10 na nusu, na saa 10 na nusu ni saa 10 na nusu. Rozari tunasali fumbo moja tu, Jumamosi ni mafumbo ya furaha (wale wa Alhamisi wana ya mwanga, yale aliyoongeza Papa Yohane Paulo wa Pili 2002). Mkisali rozari nzima na litania juu mtu atatoka bila kusema hata neno na mtakuwa mmefanya jumuiya ya pili.

Kazi yenyewe iko kwenye Injili ya Jumapili inayofuata. Tunatumia zile hatua saba zilizotoka taasisi ya Lumko kule Afrika Kusini, jumuiya nyingi wanazijua ila wanazikimbiza. Mnamkaribisha Bwana, mnasoma, kisha kila mtu anatamka neno au kifungu kilichomshika, bila kuhubiri, mnanyamaza, mnashirikishana, mnaulizana mnaitwa kufanya nini, mnasali. Hatua ya nne ndiyo ngumu, wamama hatujui kunyamaza jamani, dakika mbili mtu ashaanza kukohoa. Kwetu ilitatuliwa na msikiti wa nyuma ya nyumba, maana saa 9 na nusu hivi adhana ya alasiri inaingia na huwezi kushindana nayo, basi tukazoea kunyamaza hapo mpaka iishe, mwadhini anatutunzia saa na hajui.

Kwenye kushirikishana sheria ni moja, sema "mimi". Si "sisi wanawake tunafaa", si "kuna mtu hapa". Na mwenzio akimaliza usimpe ushauri. Hii itawashinda mwanzoni. Siku moja mmoja wetu alisema hajaongea na bintiye miezi minne, alikuwa anazungusha punje moja ya rozari kwa kidole gumba, ile ile moja, nikaona mama wa pili anafungua mdomo, najua alitaka kusema mpigie simu wewe ndiwe mzazi, nikamgusa goti. Tukakaa tu. Baadaye yule mama mwenyewe akasema, nafikiri mimi ndiye nilianza.

Sasa siri. Kikundi changu cha kwanza kilikufa kwa hili, mtu alieleza mambo ya mumewe Jumamosi, Jumapili baada ya misa ya pili anapewa pole getini na mtu ambaye hakuwepo. Hakurudi, na mimi mpaka leo nikimuona naona haya. So semeni kila mkianza, kila wiki hata kama inachosha, kwamba yanabaki hapa, na grupu la Whatsapp ni la saa na mahali tu. Na kitu kinachohitaji kitubio kipelekeni kwa padri, yeye amefungwa na siri ya kitubio, sisi tunajitahidi tu. Mtu akipigwa nyumbani hilo nalo si la kusaliwa peke yake, mmoja amsindikize kutafuta msaada.

Pesa: hapana. Chama cha kuchangishana pesa kifanyeni siku nyingine nyumba nyingine, mkishaweka mia mbili mbili mezani ndani ya miezi mitatu mtakuwa mnaongea deni na faini.

Chakula pia kiwe kidogo, chai ya rangi na mahamri yakipatikana. Mwenye nyumba akianza kupika pilau ili asichekwe, yule anayefuata ataogopa kukaribisha. Wiki iliyopita tulikunywa maji ya mtungi na karanga za mia, na tulichelewa kuondoka.