Betri ya pili haichaji kwenye gari la kambi: pima kabla ya kununua rilei

Betri ya pili, yaani ya friji na taa, isipochaji, lawama huiangukia rilei, swichi ya umeme inayoiunganisha na betri ya injini. Mara nyingi kosa liko kwenye ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi), fyuzi au waya mwembamba, na mita ya bei nafuu inatosha kulionyesha.

Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, pima betri zote mbili. Betri ya asidi iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.7. Washa injini: betri ya mbele, yaani ya injini, ipande kufikia 13.8 hadi 14.4. Isipopanda, shughulika na alteneta au mkanda wake. Ikipanda huku ya pili imebaki pale pale, umeme unakatikia njiani.

Rilei ya kawaida ina pini 85 na 86 za koili (sumaku inayoifunga swichi), na 30 na 87 za mkondo mkubwa. Injini ikiwaka, pima kati ya 85 na 86. Ukikosa volti, fuatilia waya unaotoka alteneta pamoja na fyuzi yake, kisha ethi ya koili. Ethi iliyofungwa juu ya rangi ya bodi haifai: kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Volti zikiwepo na rilei hailii (haitoi mlio wa kujifunga), ichomoe upime koili. Rilei ndogo ya ampea 40 aghalabu husoma omu 70 hadi 100. Kama ina diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani, 86 ni chanya na 85 ni ethi. Ukizigeuza, fyuzi inaungua.

Rilei inayolia lakini haichajishi ndiyo inayosumbua zaidi. Pima wakati mkondo unapita: washa friji, weka ncha moja ya mita kwenye 30 na nyingine kwenye 87. Ikizidi volti 0.2, midomo ya ndani, yaani sehemu zinazogusana kupitisha umeme, imeungua. Rudia kutoka chanya ya betri moja hadi chanya ya nyingine, halafu hasi kwa hasi. Waya wa milimita za mraba 4, wenye urefu wa mita 5, ukipitisha ampea 40 hupoteza karibu volti 0.9, wa milimita za mraba 16 hupoteza kama 0.2 tu. Waya huo uwe na fyuzi karibu na kila betri, kwa sababu umeme unaweza kutoka pande zote mbili.

Betri ya mbele ikikutwa imekufa asubuhi, chomoa rilei upime omu kati ya 30 na 87. Ikisoma sifuri, midomo imeshikana. Inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1000 huvuta zaidi ya ampea 80, na rilei ya ampea 40 haihimili. Sababu nyingine ni koili kuunganishwa na swichi ya ufunguo: stata (mota ya kuwasha injini) nayo huvuta kupitia rilei. Koili ipate umeme pale tu alteneta inapochaji.

Kwa magari mapya ambayo alteneta yake hushusha volti kwa makusudi, au betri ya lithiamu, acha rilei kabisa. Funga chaja ya volti 12 kwa 12, yaani inayochaji betri ya pili kutoka ya kwanza.