Mbwa Anayenyonyoka Manyoya: Namna ya Kumtibu Hatua kwa Hatua

Mbwa wengi tunaoletewa hapa Arua, Uganda, wakiwa wamenyonyoka manyoya huwa wamekwisha kupakwa kitu nyumbani: oili chafu ya gari, mafuta ya taa, au dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokorogwa kwa kukisia. Nia huwa njema, lakini kunyonyoka manyoya ni dalili tu, na magonjwa yanayoileta hayatibiwi kwa dawa moja.

Hatua ya kwanza: ondoa kilichopakwa

Mbwa hujilamba, na oili inayobaki mwilini mwake huishia tumboni, ambako inaweza kumdhuru vibaya kuliko upele wenyewe. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya maji, bila kusugua vidonda, kisha umkaushe kivulini.

Hatua ya pili: tazama ni wapi manyoya yametoka

Shika ukingo wa sikio lake kati ya kidole gumba na cha shahada, ukausugue taratibu. Mbwa mwenye upele wa sarkoptesi (utitiri, yaani vijidudu vidogo mno, wanaochimba ngozini) mara nyingi huanza kupiga mguu wa nyuma hewani, kana kwamba anajikuna, hata kama alikuwa ametulia. Upele huo huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko na tumbo, huwasha mno, na huambukiza mbwa wengine; watu wanaomshika nao huweza kutokwa na vipele vya kuwasha mikononi na kiunoni. Kwa hiyo huwa nauliza habari za watoto wa nyumbani kabla sijamgusa mbwa.

Mtoto wa mbwa aliyenyonyoka kuzunguka macho, mdomoni na miguuni mbele, lakini hajikuni sana, yaelekea ana demodeksi, ugonjwa wa utitiri wa aina nyingine, wanaoishi ndani ya vinyweleo. Utitiri wake hupokewa kutoka kwa mama siku za mwanzo za kunyonya, na huzidi pale kinga ya mwili inapolegea. Huyu hana haja ya kutengwa. Mabaka ya mviringo yenye magamba na manyoya yaliyokatika huashiria fangasi, ambayo watoto huipata kwa urahisi. Ikiwa manyoya yametoka mgongoni karibu na mkia, mchane juu ya kitambaa cheupe kilicholowa: chembe nyeusi zinazotoa rangi nyekundu ni kinyesi cha viroboto.

Hatua ya tatu: ngozi ikwanguliwe

Daktari hupaka mafuta kidogo kwenye wembe, hukwangua mpaka damu ianze kuchungulia, kisha hutazama kwa hadubini. Kwa demodeksi, ngozi hubinywa kwanza ili utitiri utoke ndani ya vinyweleo. Utitiri wa sarkoptesi ni mgumu kuonekana, hivyo asipoonekana haimaanishi hayupo, na daktari mzoefu anaweza kuanza tiba kwa dalili peke yake. Ukiwa Kampala, koleji ya tiba ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Makerere ina kliniki ya wanyama wadogo. Wilayani, muone afisa mifugo.

Hatua ya nne: pima uzito, ndipo utoe dawa

Panda mizani ukiwa umembeba, kisha utoe uzito wako. Hapa ndipo mbwa wengi huumizwa. Ivamektini, dawa ya sindano ya kuua utitiri, ile ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Mbwa wa kilo 10, kwa kipimo cha miligramu 0.2 kwa kilo, anahitaji mililita 0.2 tu, kiasi ambacho sindano kubwa ya ng'ombe haiwezi kukipima sawasawa. Mwachie daktari achome, na mwambie ikiwa mbwa ana damu ya aina ya Collie (mbwa wa kuchunga kondoo), kwa sababu baadhi yao huweza kufa kwa dawa hii. Kwa sarkoptesi hurudiwa baada ya majuma mawili, kwa kuwa mayai huanguliwa baada ya dozi ya kwanza. Amitrazi, dawa ya maji ya kuua utitiri, huogeshewa nje penye hewa, ukivaa glavu, kwa mchanganyiko utakaopewa na daktari, na haimfai mjamzito wala mtoto mchanga. Dawa za steroidi zinazotuliza mwasho haraka usimpe kabisa mwenye demodeksi, maana huzidisha ugonjwa.

Hatua ya tano: mazingira na chakula

Choma magunia anayolalia. Kama ni sarkoptesi, watibu mbwa wote wa uani hata wasiojikuna, la sivyo upele utazunguka tu. Posho (ugali) tupu haijengi ngozi. Iongezee mukene (dagaa) uliooshwa mchanga, au yai lililochemshwa.

Manyoya huchukua majuma kadhaa kuota, na mwasho hupungua mapema zaidi. Kwa demodeksi, usiache dawa kwa sababu manyoya yamerudi: subiri mikwanguo miwili, iliyopishana mwezi mmoja, isiyoonyesha utitiri. Usaha, harufu kali au kukataa chakula ni sababu ya kumrudisha kwa daktari siku hiyohiyo.