Mtaa wa maduka ukianza kufufuka: wabakize wa zamani, wapokee wapya

Mwezi uliopita nilikaa siku nne na binti aliyeajiriwa kuratibu wafanyabiashara wa katikati ya mji. Mtaa ulikuwa umelala kwa miaka, sasa unaamka: fremu zilizoota kutu zinapakwa rangi, na kila wiki kuna mtu anaulizia pango. Alikuja na faili nene la michoro ya taa, mabenchi na vibao. Nikamwuliza, mikataba ya maduka yaliyopo inaisha lini? Akanyamaza. Hakujua hata wa duka moja. Nilipoanza kazi hii na mimi sikujua, na kuna mtu ambaye kutojua kwangu kulimgharimu.

Nimeandika hapa tuliyoyafanya, kwa mpangilio uleule. Namna ya kuitisha kikao au kuandika barua kwa halmashauri sielezi, hayo unayaweza.

Hatua ya 1: Tembea, na karatasi mkononi

Chapisha ramani ya mtaa kwenye karatasi kubwa, shika penseli, pita mlango kwa mlango. Ramani za simu sizitaki kwa kazi hii, zitakuonyesha duka lililofungwa zamani kama bado liko wazi. Kwa kila fremu andika nani yupo, anauza nini, tangu lini, anafungua saa ngapi, na ghorofa ya juu ina nini; iliyo tupu, andika imekaa tupu tangu lini.

Fremu tupu hazifanani. Chungulia chini ya mlango: barua zikiwa zimerundikana, mwenyewe yuko mbali au ameshakata tamaa. Kufuli likiwa jipya kwenye mlango mkongwe, kuna mazungumzo yanaendelea na wewe hujaalikwa.

Pita mara tatu: asubuhi ya siku ya kazi, jioni, na mwisho wa wiki. Simama sehemu ileile dakika 15 uhesabu wapita njia, kisha uhesabu peke yao waliobeba mifuko ya madukani. Hesabu ya pili ndiyo utakayoitegemea. Mtaa unaweza kujaa watu wanaokwenda kupanda basi tu.

Hatua ya 2: Anza na wa zamani

Usitangaze lolote kuhusu maduka mapya kabla hujaketi na wenye maduka ya siku nyingi. Wakizisikia habari zako kwa mtu mwingine, umewapoteza. Wafuate dukani kwao saa ambayo biashara imelala, na uwe tayari kukatizwa kila mteja akiingia.

Usiulize "Mzee, una changamoto gani?" Utaambiwa wateja hakuna na maegesho hakuna, kisha mtaagana. Uliza mambo yanayoshikika. Bidhaa gani inatoka haraka, na ipi imekaa rafu hiyohiyo mwaka mzima? Mali unalipa taslimu au unachukua mali kauli, ulipe ukishauza? Ukiumwa wiki mbili, nani anafungua? Na la mwisho, ukiwa umeshanyanyuka kama mtu anayeaga: mkataba wako wa pango uko wapi, niuone?

Hatua ya 3: Mikataba ya pango

Hapa tutakaa.

Kulikuwa na fundi saa mmoja, zaidi ya miaka 20 kwenye fremu moja, kioo cha mbele kimejaa saa za ukutani ambazo kila moja inasema saa yake. Nilitumia karibu miezi miwili kumshughulikia: taa ya dirishani, kibao kipya, meza ya kazi iliyosogezwa mbele ili wapita njia wamwone akifanya kazi. Mauzo yalipanda. Mkataba wake ulikuwa wa miaka 5, wenye haki ya kuongeza mingine 5. Niliuona ukurasa huo kwa macho yangu, nikaridhika.

Ambacho sikukisoma ni sentensi moja kurasa mbili mbele: mpangaji atatoa notisi ya maandishi ya kuitumia haki hiyo si chini ya miezi 6 kabla ya mkataba kuisha. Sisi tulikuwa tumebakiza minne. Nilimwendea mwenye jengo, nikamwendea mwanasheria, nikarudi kwa mwenye jengo, wiki tatu za kwenda na kurudi. Mwanasheria alinifafanulia kwa upole kwamba haki ya aina hii mara nyingi husimama juu ya tarehe yake, na tarehe ikipita, imekwenda. Mwenye jengo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu ameshapata mpangaji mwingine, aliyevutiwa na njia mpya ya waenda kwa miguu. Njia hiyo niliipigania mimi. Fundi alihamia ghorofa ya pili jengo la nyuma, na wateja wake wengi ni wazee wasiopenda ngazi.

Kwa hiyo, fungua lahajedwali. Programu maalumu za kusimamia majengo siziamini, zimetengenezwa kwa ajili ya mwenye jengo. Safu ya kwanza iwe tarehe ya mwisho ya kutoa notisi. Panga orodha yote kwa safu hiyo, si kwa jina la duka wala kwa tarehe ya mkataba kuisha. Kisha hamishia tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani, kubwa, ofisini unapopita kila siku. Safu nyingine zitafuata: notisi inatolewaje (kwa mkono, kwa rejista, kwa anwani ipi), pango linapandaje, nani anatengeneza paa, je, mpangaji anaweza kuuza biashara akamwachia mnunuzi mkataba, na kama kuna kifungu kinachomruhusu mwenye jengo kuvunja na kujenga upya.

Unaposoma, angalia haya.

"Muda unaweza kuongezwa kwa makubaliano ya pande zote." Sentensi hii haimpi mpangaji kitu. Bila mkataba wowote watu wawili wanaweza kukubaliana.

"Pango jipya litakuwa bei ya soko." Katika mtaa uliolala haina madhara. Katika mtaa unaofufuka ni kisu. Omba kikomo cha ongezeko, au ngazi zilizoandikwa mwaka kwa mwaka, au mthamini ambaye pande zote mbili zinamkubali.

Malimbikizo. Mikataba mingi inasema haki ya kuongeza muda ni ya mpangaji asiye na deni. Hata la mwezi mmoja lililosahauliwa linatosha kukukwamisha. Lilipwe kwanza, risiti ipatikane, ndipo notisi iende.

Jina. Hili nimelikuta zaidi ya mara moja: mkataba una jina la baba, baba amefariki, mtoto amekuwa akilipa pango kwa miaka na mwenye jengo anapokea bila neno. Maadamu mtaa umelala hakuna anayeuliza. Siku thamani ikipanda, swali linaletwa mezani. Litatue sasa, wakati bado mnaamkiana.

Kisha wapo wasio na karatasi kabisa. Usikimbilie kumwambia mama wa duka la vitambaa kwamba hana haki, wala kwamba yuko salama. Sheria zinapishana sana. Ufaransa mkataba wa biashara kwa kawaida ni wa miaka 9, na mwenye jengo akikataa kuuongeza bila sababu inayokubalika kisheria hulipa fidia. Uingereza sheria ya 1954 inampa mpangaji wa biashara haki ya kuomba mkataba mpya, lakini pande mbili zinaweza kukubaliana mapema kuiweka kando, kwa hiyo tafuta kwanza kama alisaini hilo. Kenya sheria ya wapangaji wa maduka inawalinda hata wasio na maandishi, ilhali mkataba wa maandishi wa zaidi ya miaka 5 usio na kifungu cha kuuvunja mapema unabaki nje ya ulinzi huo. Maana yake ni kwamba ushauri wa "njooni tuwaandikie mikataba mirefu", ambao mimi niliutoa kwa bidii miaka ya mwanzo, mahali pengine unaweza kumvua mtu ngao aliyokuwa nayo. Mlipie mwanasheria saa moja kabla hujamshauri mtu yeyote. Katika bajeti nzima hiyo ndiyo fedha nisiyobishania.

Kwa mwenye jengo nenda mwaka mzima kabla, na usiende mikono mitupu. San Francisco ilianza mwaka 2015 kuweka orodha ya biashara za muda mrefu, kwa kawaida za miaka 30 na kuendelea, na mwaka huohuo wapigakura wakaidhinisha mfuko wake. Sehemu ya ruzuku ilielekezwa kwa wenye majengo waliokubali kutoa mikataba ya miaka 10 au zaidi. Naupenda mpango ule kwa sababu uliijua roho iliko. Kama huna mfuko, peleka risiti za pango lililolipwa kwa wakati miaka yote, peleka mauzo ya mwaka, na ombi la pango linalopanda kidogokidogo badala ya kuruka. Mwambie pia, taratibu, fremu hukaa tupu miezi mingapi baada ya mpangaji kuondoka. Unazo takwimu, ulizikusanya hatua ya 1.

Hatua ya 4: Fremu tupu na wageni

Mwenye jengo anayeogopa kufungwa na mkataba mrefu, mwombe kibali cha muda mfupi. Newcastle ya Australia, kuanzia mwaka 2008, mradi wa Renew Newcastle ulichukua maduka matupu ukawapa mafundi na wasanii kwa vibali vya siku 30 vilivyoendelea kuhuishwa, na mwenye jengo akimpata mpangaji wa kulipa pango kamili anarudishiwa fremu yake. Inafanya kazi kwa mtu ambaye mali yake inaingia kwenye gari moja. Anayehitaji majokofu, mabomba na rafu za kujengwa, usimpe siku 30, utamfilisi.

Jihadhari na punguzo. Ukimwombea mgeni pango nusu, jirani yake anayelipa lote tangu zamani atajua kabla ya jioni, na atakuwa na haki ya kukasirika. Mimi punguzo nalifunga kwenye kazi: anayetengeneza sehemu ya mbele ya duka, au anayeongeza saa za kufungua, analipata, awe wa jana au wa miaka 30.

Na usimweke mgeni popote palipo wazi. Mshonaji mpya apewe fremu jirani na duka la vitambaa. Siku ya kufungua, mtambulishe kwa jirani zake kabla hujamtambulisha kwa waandishi wa habari.

Hatua ya 5: Fedha ya pamoja

Michango ya hiari hufa. Wachache wanalipa, wote wanafaidi, mwaka wa pili wanaolipa wanachoka. Wafanyabiashara wa Bloor West Village, Toronto, ndio waliotangulia kulipatia hili jibu mwaka 1970: eneo likishapitishwa, kila biashara iliyomo inalipa. Na sehemu ya fedha hiyo imlipe mtu mmoja ambaye hii ndiyo kazi yake. Mpango wa Main Street wa Marekani, wa kufufua mitaa ya maduka ya katikati ya miji, ulipojaribiwa mwaka 1977 Galesburg, Madison na Hot Springs, kila mji uliwekewa meneja wake wa mtaa. Kamati ya watu wenye maduka yao haina nafasi ya kufuatilia tarehe za notisi.

Hatua ya 6: Barabara na maegesho

Kabla ya ugomvi wa maegesho, nenda saa mbili asubuhi uandike magari yaliyosimama mbele ya maduka, kisha rudi saa nane mchana. Yaleyale yakiwa bado yapo, muulizie mwenyewe ni nani. Nimefanya hivi mara nyingi, na sehemu kubwa ni ya wenye maduka na wafanyakazi wao.

Kutoza maegesho kunakubalika pale watu wanapoiona fedha. Old Pasadena, California, waliweka mita mwaka 1993 kwa ahadi kwamba mapato yatabaki mtaani, na yakatengeneza njia za miguu, taa na usafi. Kufunga mtaa kwa magari ni habari nyingine. Strøget, Copenhagen, ulifungwa mwaka 1962 na bado unajaa. Kalamazoo, Michigan, walifunga mtaa wao mwaka 1959, na mwaka 1998 wakarudisha magari kwenye sehemu yake. Jaribu kwa vizuizi vya kuhamishika kwanza.

Mkandarasi akija kuchimba, achimbe upande mmoja kwa wakati, aache njia ya kufikia kila mlango, na msimu wa mauzo makubwa asiguse. Yaingizwe kwenye mkataba wake, maneno ya kikaoni hayamfungi.

Hatua ya 7: Matamasha

Moja au mawili kwa mwaka yanatosha. Jukwaa lisiyape mgongo maduka. Kesho yake waulize wenye maduka waliuza kiasi gani, usiwaulize waandaaji watu walikuwa wangapi.

Yule binti alinipigia juzi. Amekwisha kusoma mikataba 31, na wa juu kabisa kwenye orodha ni wa duka la vitabu na madaftari, limebakiza siku 9 za kutoa notisi. Alitaka nimsomee rasimu ya barua kwenye simu. Nikamwambia mwanangu, niachie hiyo simu, mchukue mzee na risiti zake muende kwa mwanasheria leo, na nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hamjatoka kwa mwenye jengo.