Kutafuta dhahabu kwa kujifurahisha katika vijito vya California

Katika milima ya Sierra Nevada, ambako dhahabu iligunduliwa Coloma mwezi Januari 1848, anayetafuta dhahabu kwa kujifurahisha aiache nyumbani mashine ya kufyonza changarawe mtoni, kwa kuwa jimbo la California lilisimamisha matumizi yake mwaka 2009. Zinazobaki ni karai, koleo na ditekta (kifaa kinacholia kikipita juu ya metali), nazo zinatosha. Kabla ya kuchimba, hakikisha kwamba eneo hilo halimilikiwi na mchimbaji mwingine.

Dhahabu ina uzito wa takriban mara saba ya mchanga wa kawaida wa ujazo uleule, hivyo hutulia pale ambapo mkondo hupungua nguvu: upande wa ndani wa kona ya mto, nyuma ya jabali kubwa, na hasa katika nyufa za mwamba wa chini, ambazo wengi huzipita kwa uvivu. Kwangua ufa hadi mwisho, tumbukiza karai majini, litikise ili kilicho kizito kizame, kisha liinamishe kidogo maji yaondoe mchanga mwepesi, mpaka usalie ule mweusi mzito tu, pamoja na dhahabu ikiwepo.

Ditekta ipitishwe polepole, karibu kabisa na ardhi, kwenye kingo kavu. Misumari na risasi kuukuu zitakusumbua kuliko dhahabu yenyewe. Ukiona chembe yenye weupe wa fedha, huenda imeshikwa na zebaki iliyoachwa na wachimbaji wa karne ya 19. Usiichome kamwe, kwa sababu mvuke wake ni sumu.