Osiloskopu ya kwanza, usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Yakhe, ukitafuta osiloskopu, kile kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme kwenye skrini, kama mfuko mwembamba usikimbilie kile kidude cha kujiungia mwenyewe cha DSO138, mwisho wake kilohezi 200 tu, kwa sauti ya amplifaya sawa lakini mapigo ya saa ya ndani ya Arduino, kile kibao kidogo cha kuprogramu, ya megahezi 16 hutoyaona ng'o. Tafuta yenye chaneli mbili, yaani njia mbili za kuingizia mawimbi, megahezi 50 kwenda juu, sampuli angalau milioni 250 kwa sekunde, na uulize sampuli zabaki ngapi ukiwasha chaneli zote, hapo ndo wauzaji hunyamaza. Ukibahatika na ya mtumba pale Mwembe Tayari, Mombasa, gusisha probu, ile sindano ya kupimia yenye waya, kwenye kile kijipini cha mbele cha kilohezi 1, mraba ukitoka na pembe zimepinda zungusha kwanza kiskrubu cha probu kabla hujaikataa. Klipu ya athi ya probu, ile ya kuungia ardhi, usiitie kwenye umeme wa ukutani, itapiga shoti.