Mlango na mbingu, picha mbili

Vichochoro vya Mji Mkongwe vinatesa kamera: mlango wa nakshi uko kivulini, mbingu juu inaungua nyeupe. Iweke kamera juu ya baraza ya mkabala, piga picha mbili, ya giza na ya mwanga, kwa kubadilisha kasi ya shata (muda kamera inaoingiza mwanga) tu. Ziunganishe kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha: weka ya giza juu kama leya, yaani tabaka, iongezee maski (pazia linaloonyesha tabaka penye weupe na kulificha penye weusi) ya nakala ya kijivu ya leya hiyohiyo. Maski inakuwa nyeupe penye mwanga, basi mbingu inatoka picha ya juu, nakshi na misumari ya shaba inatoka ya chini. Halafu itie maski ukungu kidogo; bila hivyo picha inapooza kama chai ya jana. Minazi ikitikiswa na kusi, au akipita mtu wa baiskeli, utapata mzimu, yaani kivuli cha kitu kilichosogea kati ya picha mbili. Hapo piga RAW (faili ghafi ya kamera) moja tu.