SOMO: Antibayotiki na bakteria wa tumboni, kabla ya dozi, ndani ya dozi na baada yake

Mbukwenyi ndugu zangu.

Juzi mama mmoja alikuja dirishani kwetu na noti ya elfu moja. "Mwanangu, nipe rangi mbili sita, mafua yamenikaba." Rangi mbili ni vidonge vya antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Alitaka sita, wala si dozi. Nilimkalisha kwenye benchi tukaongea kama nusu saa, akaondoka na panadol na noti yake imebaki na chenji. Mimi ni mfamasia hapa Dodoma, na ombi kama lile nalisikia karibu kila siku. Niliyomwambia yeye nayaandika hapa kundini kwetu kwa wote.

Tuanze na tumbo lenyewe. Kwenye utumbo mpana wanaishi bakteria wengi mno. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasema mtu mzima anao kama trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli za mwili wake, na ukiwaweka wote kwenye mizani wanafika gramu 200 hivi. Hawa hawajaja kutuumiza. Nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya wao huzichachusha, na katika uchachu huo hutoka asidi iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Hutengeneza vitamini K. Huizoesha kinga ya mwili kujua nani wa kupigana naye na nani wa kumwacha. Tena wanakalia nafasi: kijidudu kibaya kikiingia kinakuta pamejaa.

Sasa, antibayotiki kama amoksilini uliyoandikiwa kwa ajili ya jipu la jino haiendi kwenye jino peke yake. Inasambaa mwilini, na tumboni inawakuta hao. Anayelima huku kwetu anajua: ardhi ikikwanguliwa ikaachwa wazi, mvua ya kwanza inaotesha mbigili. Tumboni mbigili ni fangasi, na mbaya zaidi ni bakteria aitwaye Clostridioides difficile, anayesubiri wenzake waondoke ndipo amwage sumu na kumharisha mtu vibaya.

Je, wanarudi? Wengi wanarudi. Mwaka 2018 watafiti wa Denmark walieleza habari za wanaume 12 wenye afya njema waliopewa antibayotiki tatu kali kwa siku 4. Baada ya mwezi mmoja na nusu tumbo lilikuwa limekaribia hali yake ya zamani. Lakini hata baada ya miezi 6, aina 9 za bakteria ambazo wote walikuwa nazo mwanzoni hazikuonekana tena kwa wengi wao. Hiyo ni dozi moja. Mimi nawafahamu watu wanaomeza dozi nne au tano kwa mwaka.

Kuhusu madhara ya miaka mingi naomba tuwe waangalifu. Watoto waliopewa antibayotiki mara nyingi wakiwa wachanga wameonekana kupata pumu, mzio na unene zaidi kuliko wenzao. Ila mtoto anayeumwa kifua kila mara ndiye anayepewa dawa nyingi, kwa hiyo si rahisi kusema kipi kimeleta kipi. Kwa panya ushahidi ni wazi zaidi: penisilini kidogo kidogo utotoni iliwanenepesha.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujanunua. Hapa ndipo penye kazi kubwa. Mafua na vikohozi vingi ni vya virusi, na antibayotiki haiui virusi. Mtoto anayeharisha maji matupu anahitaji ORS na zinki siku 10 hadi 14; Flagyl ya kubahatisha haimsaidii. Homa, pima malaria kwanza. Na hiki nakisema kwa uchungu: kipimo cha Widal kinaweza kuonyesha "taifodi" kwa mtu asiye nayo kabisa. Ukiambiwa una taifodi kwa kipimo hicho peke yake, uliza kwa adabu kama damu inaweza kuoteshwa, yaani kupimwa maabara kwa kuwakuza bakteria waliomo. Wangapi humu wametibiwa taifodi na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kwa siku moja, kisha mwezi uliofuata tena? Tumbo ambalo halikuguswa halina cha kurudishiwa.

Hatua ya 2: Uliza kama ipo dawa ya kawaida inayotosha. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibayotiki makundi matatu. Amoksilini iko kundi la kwanza, la kuanzia. Siprofloksasini, azithromaisini na seftriaksoni ziko kundi la pili, la kutumiwa kwa uangalifu. Sindano haiwi bora kwa sababu tu ni sindano.

Hatua ya 3: Ukianza, meza kama ulivyoandikiwa. Saa zile zile, siku zile zile. Usimgawie jirani, usiweke akiba kabatini. Doksisaiklini na siprofloksasini usizimeze pamoja na maziwa au mtindi, kwa sababu madini ya kalisi huing'ang'ania dawa isiingie mwilini. Ziachanishe angalau saa mbili. Choo kikilegea kidogo usikatishe dozi kimyakimya, mwulize aliyekuandikia.

Hatua ya 4: Walishe bakteria waliobaki. Wapo watakaouziwa makopo ya bei kubwa wakati dawa hii iko sokoni Majengo kwa kipimo cha bakuli. Ugali wa uwele au wa mtama usiokobolewa. Kunde, choroko, njugu mawe. Mlenda, ule mkavu wa unga na ule mbichi, kwa sababu ute wake ni nyuzinyuzi hasa. Ubuyu. Ugali, wali au viazi vikipoa, sehemu ya wanga wake inakuwa ngumu kumeng'enywa na kuwafikia bakteria kule chini, kwa hiyo kiporo kilichohifadhiwa vizuri msikidharau. Mtindi na togwa pia ni vizuri, ila mtindi usiuchemshe, utawaua waliomo.

Wanaotufundisha zaidi hapa ni majirani zetu Wahadzabe, wa Mkalama kule Singida na bonde la Eyasi. Watafiti walichukua sampuli za vinyesi vyao katika misimu tofauti, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Aina kadhaa za bakteria zilipungua masika hata zisionekane, kisha kiangazi zikarudi, chakula kilipobadilika. Na aina hizo ndizo adimu kwa watu wa nchi za viwanda. Mimi napata matumaini hapo: aliyefifia anaweza kurudi, mradi chakula chake kirudi. Sisi Dodoma bado tuna chungu cha uwele, kunde na mlenda, lakini nyumba nyingi mjini zimehamia sembe nyeupe na chipsi.

Hatua ya 5: Jua dalili za hatari. Kuharisha maji mara tatu au zaidi kwa siku, damu kwenye choo, homa, tumbo kukaza: nenda hospitali, na utaje dawa uliyomeza hata kama ni mwezi uliopita. Usinunue dawa ya kufunga choo.

MASWALI YA WANACHAMA (kila mmoja kwa jina la mahali anakotoka)

Nkuhungu: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi 8, mwaka huu ameshapewa amoksilini ya maji mara nne, zote kwa mafua. Nimemharibu?

Marahaba mama, ila mimi ni mfamasia. Hujamharibu, wala usijilaumu, ulipewa ukampa. Endelea kunyonyesha: maziwa yako yana sukari maalumu ambayo mtoto mwenyewe haimeng'enyi, ni chakula cha bakteria wake wazuri. Akipata mafua tena, mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Kwa umri wake, pumzi 50 au zaidi, au kifua kuingia ndani akivuta hewa, ni dalili ya nimonia. Hapo kimbia kituoni, na dawa akiandikiwa mpe yote. Akifikisha mwaka mmoja hesabu ni 40.

Ipagala: Kila nikimeza dozi napata fangasi ukeni. Nikinunua na vidonge vya probayotiki vitasaidia?

Pole dada. Bakteria wanaolinda sehemu hizo nao huuawa na dawa, ndiyo maana. Kwa probayotiki, yaani vidonge vya bakteria hai, habari ni za pande mbili. Zimeonekana kupunguza kuharisha wakati wa dozi. Lakini utafiti mmoja wa Israeli wa 2018 ulikuta waliozimeza baada ya antibayotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa bila kitu. Hela hiyo mimi ningeitumia kuotesha mkojo, maana swali langu kwako ni hili: hizo dozi za kila mara unapewa kwa ugonjwa gani? Ila ukiwa mjamzito na bakteria wakapatikana kwenye mkojo, hapo tibiwa bila kusita.

Kongwa: Huku tumegawiwa azithromaisini kijiji kizima kwa ajili ya vikope. Kwa hiyo tumedhurika?

Vikope, yaani trakoma, vinapofusha, na kuwa kipofu hakurudi nyuma, kwa hiyo mlimeza kwa sababu ya kweli. Tena utafiti uliofanyika Niger, Malawi na hapa Tanzania, uliotolewa 2018, uliwapa watoto wa chini ya miaka mitano dawa hiyo mara mbili kwa mwaka, na vifo vikapungua kwa asilimia 13.5 kwa jumla. Upande wa pili, kule Niger bakteria sugu tumboni mwa watoto waliongezeka. Ndiyo maana ugawaji wa namna hiyo hufanywa kwa mpango na kwa kipimo. Hauhalalishi kununua azithromaisini kwa kikohozi.

Nzuguni: Nafuga kuku wa mayai. Nikiwapa dawa kwenye maji, mayai yana shida?

Ndiyo, ukiyauza mapema. Kwenye chupa kuna idadi ya siku za kusubiri kabla ya kula au kuuza. Zifuate, na umtafute daktari wa mifugo kabla ya kuwapa dawa kuku wazima ati kwa kuwakinga.

Chang'ombe: Niko mwezi wa pili wa dawa za TB. Baada ya kusoma somo hili naogopa. Nipumzike kidogo tumbo lipone?

Hapana ndugu yangu, usipumzike hata siku moja. TB ikiachwa njiani inaweza kurudi ikiwa sugu, na matibabu yake ni marefu na magumu kuliko haya. Mkojo kuwa na rangi ya chungwa ni kwa sababu ya rifampisini, moja ya dawa zako, usikutishe. Uwele, kunde na mlenda kula kama kawaida. Macho yakiwa ya njano au ukitapika mfululizo, rudi kituoni siku hiyo hiyo na kadi yako.